Tunapowaombea watoto msaada tusiwapokonye kauli

Wahenga walinena kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Sikupata kuuelewa vyema uzito wa methali hii hadi muhula uliopita, mwanafunzi wangu mmoja alipobisha hodi ofisini akiwa amebeba kurasa 18 zilizopigwa chapa. Lilikuwa pendekezo la mradi. Yeye na wenzake walikuwa wameunda kikundi cha kujitolea, nao walikusudia kuwaombea ufadhili watoto wa shule moja ya kaskazini mwa nchi, ambao familia zao zilipoteza mifugo kwa sababu ya ukame. Pendekezo lenyewe lilikuwa kwa Kiingereza. Mwishoni palikuwa na ukurasa mmoja wa muhtasari kwa Kiswahili. Nilipomwuliza muhtasari huo ulikusudiwa nani, alinijibu kwa unyofu: "Ni wa kuwasomea wananchi, Mwalimu, pesa zikishapatikana."

Nikamwomba aniachie ukurasa huo mmoja. Alipoondoka nilifanya jambo ambalo sisi wanaisimu hulifanya hata pale ambapo hatukuombwa: nilihesabu vitenzi. Vitenzi vilivyomhusu mtoto vilikuwa 14. Kati ya hivyo, 12 vilikuwa katika kauli ya kutendwa: watoto watalishwa, watapimwa, watachanjwa, watagawiwa, watasajiliwa, watashauriwa, na kadhalika. Viwili vilivyosalia vilikuwa "wanateseka" na "wanadhoofika", navyo, kama ajuavyo mwalimu yeyote wa sarufi, viko katika kauli ya kutendeka. Hapakuwa na mahali hata pamoja ambapo mtoto alitembea, alisema, aliuliza, alikataa, alichunga mbuzi au alimbeba mdogo wake mgongoni.

Msomaji asidhani kwamba ninamkejeli mwanafunzi huyo. Nia yake ni safi, na kazi aliyoifanya inawashinda wengi wetu ambao hulalamika tu katika majumba ya walimu. Isitoshe, aliandika kama alivyofundishwa. Mapendekezo ya aina hii yana desturi zake, naye desturi hizo alizikuta. Neno langu leo ni hili: tunapowaombea msaada watoto walio katika dhiki, aghalabu tunawapokonya kauli kwa maana zote mbili za neno hilo, yaani kauli ya sarufi na kauli ya kinywa. Na mtoto aliyepokonywa kauli katika pendekezo hupokonywa nafasi katika bajeti, na hatimaye hupokonywa msaada wenyewe.

Kwa wale ambao hawajapata kuliandika, pendekezo la ufadhili ni waraka unaomweleza mwenye fedha mambo machache: kuna shida gani, inamkabili nani, wapi, tunakusudia kufanya nini, kwa gharama gani, na tutajuaje kwamba tumefaulu. Wafadhili wengi hudai pia jedwali lenye safu nne: ya malengo, ya viashiria vya kupimia, ya njia za kuthibitisha, na ya mambo tunayotumaini kwamba hayatavuruga kazi. Jedwali hili lilibuniwa mwaka 1969 kwa ajili ya USAID, shirika la misaada la Marekani, na tangu hapo limesambaa duniani kote. Si kitu kibaya. Humlazimisha mwandishi kufikiri kwa utaratibu. Lakini lina hukumu yake: lisiloingia katika jedwali halipati fungu katika bajeti, na lisilo na fungu halitendeki. Kwa hiyo anayeamua maneno ya jedwali ndiye anayeamua kama mtoto atapata maji, au blanketi, au daftari, au asipate chochote.

Jambo hili ni zito zaidi sasa kuliko ilivyokuwa miaka michache iliyopita. USAID yenyewe ilikoma kuendesha shughuli zake mnamo Julai 1, 2025, na wafadhili wengine kadhaa wa Ulaya nao wamepunguza mafungu yao. Kambi zetu za Dadaab, zilizoanzishwa mwaka 1991, na Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, zimeuonja uchungu wa kupunguzwa huko. Fedha zinapopungua, waombaji huongezeka. Na waombaji wanapoongezeka, kila mmoja hutafuta neno kali kuliko la mwenzake. Shida huitwa janga, janga huitwa maangamizi, na mtoto mwenye njaa huwa ni mtoto anayekufa. Katika mashindano hayo ya machozi, anayepata ni yule aliyemchora mtoto katika hali ya unyonge mkubwa zaidi. Je, huu ndio ufundi tunaotaka kuwarithisha vijana wetu?

Tuangalie nyuma kidogo, kwa maana mambo haya yana historia. Mwaka 1919, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, watoto wa Austria na Ujerumani walikuwa wakifa njaa kwa sababu ya vikwazo vya kiuchumi vilivyowekwa na mataifa yaliyoshinda. Mwanamke mmoja Mwingereza, Eglantyne Jebb, ambaye aliwahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi, alisimama katika uwanja wa Trafalgar mjini London akigawa karatasi zenye picha ya mtoto aliyekondeana. Alikamatwa, akashtakiwa, akatozwa faini ya pauni 5. Mwaka huo huo yeye na dada yake, Dorothy Buxton, waliasisi mfuko wa Save the Children. Karatasi ile, kwa maoni yangu, ni mojawapo ya mababu wa mapendekezo tunayoyaandika leo: picha, huruma, kisha ombi.

Lakini Jebb hakukomea hapo. Aliona kwamba huruma ni moto wa mabua, huwaka kwa nguvu na kuzimika upesi. Akaandika tamko fupi kuhusu haki za mtoto, na mwaka 1924 Shirikisho la Mataifa likalipitisha mjini Geneva. Katika muda wa miaka mitano tu, mwanamke huyo alikuwa ametoka katika kuomba kwa jina la huruma akafikia kudai kwa jina la haki. Tamko lile hata hivyo lilimtazama mtoto kama mtu wa kutendewa: mwenye njaa alishwe, mgonjwa auguzwe, yatima apewe makao. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kabla ya dunia kupiga hatua iliyofuata.

Hatua hiyo ilipigwa Novemba 20, 1989, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopitisha Mkataba wa Haki za Mtoto. Kenya iliuridhia mapema, mnamo Julai 1990. Kifungu cha 12 cha mkataba huo kinasema, kwa muhtasari, kwamba mtoto anayeweza kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa kwa uhuru katika mambo yote yanayomhusu, na kwamba maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inaagiza kwamba maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Hakuna pahali palipoandikwa kwamba haki hizi husimama kando mtoto anapokuwa mkimbizi, au mto unapofurika, au mbuzi wa babake wanapokufa kwa kiangazi. Kama mradi wa kumsaidia mtoto si jambo linalomhusu mtoto, basi sijui ni jambo gani linalomhusu.

Pamoja na hayo yote, desturi ya kumnyamazisha mtoto imeendelea. Wasomaji wa makamo wataikumbuka picha iliyopigwa na Kevin Carter huko Ayod, kusini mwa Sudan, mwaka 1993: mtoto mdogo ameinama chini kwa njaa, na nyuma yake ndege tai ametua, anangoja. Picha hiyo ilichapishwa na gazeti la New York Times mnamo Machi mwaka huo, ikazunguka dunia, na mwaka 1994 ikapata tuzo la Pulitzer. Wasomaji waliliandikia gazeti wakitaka kujua mtoto yule alipatwa na nini. Gazeti halikuwa na jibu kamili. Kwa miaka mingi mtoto yule alielezwa kuwa msichana. Mwaka 2011, waandishi wa gazeti moja la Hispania walifika Ayod, wakaambiwa na jamaa zake kwamba alikuwa mvulana, na kwamba hakufa kwa njaa ile. Fikiria, msomaji! Dunia nzima ilimlilia mtoto bila kujua hata kama alikuwa wa kike au wa kiume.

Mwaka huo huo wa 1994, mashirika ya Msalaba Mwekundu na mashirika mengine ya misaada yalikubaliana juu ya kanuni 10 za maadili ya kazi yao. Kanuni ya kumi inahusu lugha na picha: wanaokumbwa na maafa waonyeshwe kuwa ni binadamu wenye heshima, wala si vitu visivyo na tumaini. Ni kanuni nzuri. Hata hivyo, heshima haipatikani kwa kuchagua picha nzuri pekee. Heshima iko pia ndani ya sarufi.

Hebu tuyatazame baadhi ya maneno ya kazi hii. Neno tunalolitumia sana kwa wanaopokea msaada ni "walengwa". Mlengwa ni aliyelengwa. Mwindaji hulenga swala, mpiga manati hulenga ndege. Yeye anayelengwa, katika hali ya kawaida, haulizwi lolote. Kazi yake ni kusimama pale pale mshale ufike. Neno jingine ni "wahanga". Mhanga kwa asili ni anayetolewa kafara, au anayejitoa mwenyewe, ndiyo maana tunasema mtu amejitoa mhanga. Mtoto aliyefurikiwa na maji hakujitoa wala hakutolewa kafara. Magazeti yetu ya Kenya yameafikiana na "waathiriwa", nalo ni afadhali kidogo, ingawa bado linamweka mtu mahali pa kutendwa. Mimi hupendelea "manusura" pale linapofaa, kwa kuwa linamtaja mtu kwa lile alilolivuka.

Kakuma yenyewe ilianza kwa jina la aina hii. Mwaka 1992 walifika huko maelfu ya wavulana kutoka Sudan waliokuwa wametembea kwa miguu hadi Ethiopia, kisha wakatembea tena hadi mpakani mwa Kenya. Wafanyakazi wa misaada wakawaita, kwa Kiingereza, wavulana waliopotea, jina lililotokana na hadithi ya watoto ya Kizungu. Je, mtoto aliyevuka mito na nyika, akamshika mkono mdogo wake, akafika alikokuwa akienda, huyo amepotea? Kwa yeyote aliyewatazama kwa makini, wale walikuwa wasafiri.

Huenda msomaji akaniuliza: wewe mwenyewe umefanya nini? Sina budi kukiri. Mwanzoni mwa mwaka 2008, nikiwa mwanafunzi wa uzamili, niliajiriwa kwa majuma machache na shirika moja, ambalo sitalitaja, katika kambi mojawapo ya watu waliofurushwa makwao na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika ghasia zile na mamia ya maelfu wakahama. Kazi yangu ilikuwa kukaa na vikundi vya watoto, kuwasikiliza, kuandika waliyoyasema, na kuyatafsiri kwa Kiingereza ili yaingizwe katika ombi la ufadhili.

Alikuwepo msichana wa darasa la nane. Wenzake walitaja chakula, viatu na mpira. Yeye alipofikiwa alisema: "Blanketi ninayo. Mimi nataka jina langu lipatikane mahali pa mtihani." Nyumba yao ilikuwa imechomwa, cheti chake cha kuzaliwa kikiwa ndani. Shule yake ilikuwa imefungwa. Alichokuwa akikihofia ni kwamba mtihani wa KCPE, ambao wakati huo ndio uliokuwa mlango wa kuingilia shule ya upili, ungefika na jina lake halimo katika sajili yoyote. Niliandika maneno yake neno kwa neno katika daftari langu. Jioni, nilipokuwa nikitafsiri, niliangalia fomu niliyopewa. Hapakuwa na nafasi ya sentensi kama ile. Palikuwa na nafasi ya "mahitaji yaliyotajwa". Nikaandika kwa Kiingereza kwamba watoto walieleza kuhitaji misaada ya kielimu. Nilijiona nimefanya kazi ya kisomi.

Fedha zilipatikana. Zilileta mahema ya kuchezea, mikeka, mipira, madaftari na washauri. Sisemi kwamba vilikuwa vibaya, watoto walivifurahia. Lakini hapakuwa na fungu la nauli kwa mtu wa kuchukua orodha ya majina na kuifuatilia katika ofisi za elimu. Baadaye mwalimu mmoja aliyekuwa akijitolea kambini aliniambia kwamba wale waliokuwa na mzazi au jamaa wa kuwafuatilia walisajiliwa, na kwamba msichana yule hakufanya mtihani mwaka ule. Sentensi yake ilikuwa na mtenda, na tendo, na mahali. Mimi niliigeuza nomino dhahania, na nomino dhahania haina nauli.

Tangu siku hiyo sijapata kuamini kwamba tafsiri ni kazi ya kuhamisha maneno tu.

Najua hoja zitakazotolewa dhidi yangu. Ya kwanza ni kwamba mfadhili yuko Geneva au Washington, hajui Kiswahili, sembuse Kiturkana au Kisomali. Nakubali. Pendekezo litakalotumwa huko liandikwe kwa Kiingereza, tena kizuri. Ninachokihoji ni mpangilio wa kazi. Kwa sasa tunaandika kwa Kiingereza, kisha tunawafupishia wananchi kwa lugha yao mambo yakiwa yamekwisha kuamuliwa. Kwa nini tusianze na lugha ya wenye shida, tukaafikiana, ndipo tutafsiri? Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Huko Kakuma, Wakongo na Warundi wengi hukitumia, ingawa kwa lahaja zao. Tukumbuke pia kwamba mwaka 2016, mjini Istanbul, wafadhili wakubwa na mashirika waliahidi kwamba ifikapo mwaka 2020 robo ya fedha za misaada ingekuwa inawafikia wenyeji wa nchi husika kwa njia ya moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. Lengo hilo halikufikiwa. Kizuizi kimojawapo, nadhani, ni lugha: ombi la kikundi cha kijijini halipiti mlangoni mpaka livae suti ya kigeni.

Hoja ya pili ni kwamba dharura haingoji. Mafuriko yakija usiku, nani ataketi na watoto kuwahoji? Hii ni kweli, na viwango vipo kwa ajili ya saa kama hizo. Kitabu cha Sphere, kinachotumiwa na mashirika mengi, kinasema kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, na kisima au bomba lisiwe mbali zaidi ya mita 500. Maji hayo yapelekwe bila kungoja mkutano. Lakini mapendekezo mengi si ya usiku wa kwanza. Ni ya miezi sita, mwaka, au miaka mitatu. Dadaab imekuwapo kwa zaidi ya miaka 30. Katika muda huo wote hatukupata saa moja ya kumsikiliza mtoto?

Hoja ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi. Wapo wasemao kwamba mtoto mnyonge ndiye anayeleta fedha. Tukimwonyesha akiwa na akili na nguvu, mfadhili atafunga mkoba. Pengine wana ushahidi wao. Nami nina wangu. Mwaka 2011, ukame mkali ulipotukumba na watoto wa Turkana wakawa na njaa, Wakenya waliombwa wachange katika kampeni iliyoitwa Kenyans for Kenya. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500. Watu walituma kwa simu, wengine shilingi 10 tu, na lengo likavukwa. Picha za huzuni zilikuwepo, sikatai. Hata hivyo, naamini wengi walitoa kwa kuwa waliwaona watoto wale kuwa ni wao, wala si kwa kuwa waliwaona kuwa duni. Undugu nao huleta fedha.

Basi tufanye nini? Nawaelekea walimu wenzangu na wanafunzi, kwa sababu wao ndio waandishi wa leo na wa kesho.

Kwanza, tuliingize pendekezo la mradi katika masomo ya uandishi wa kiuamilifu. Tunawafundisha wanafunzi barua rasmi, ripoti, kumbukumbu za mkutano na hotuba, kwa kuwa hayo hutahiniwa. Pendekezo, ambalo kijana ana uwezekano mkubwa wa kuliandika maishani, hatuligusi, au tunawaachia walimu wa Kiingereza. Mpe mwanafunzi zoezi hili: aandike kwa Kiswahili ombi la kurasa mbili kuhusu shida halisi ya watoto wa kwao. Kisha avipigie mstari vitenzi vyote vinavyomhusu mtoto na kuvihesabu kwa kauli zake. Atajifunza sarufi na uadilifu katika kipindi kimoja.

Pili, tujizoeze kuandika tatizo kwa matendo. Nitatoa mfano wa kubuni. Mwandishi mmoja anasema: "Watoto wa eneo hili wameathiriwa na uhaba wa maji na wanahitaji kusaidiwa kielimu." Mwingine anasema: "Wasichana wa darasa la sita huondoka shuleni saa nne asubuhi kwenda kuchimba maji katika mchanga wa mto mkavu, na hurudi saa nane wakiwa wamekosa vipindi vinne. Wanasema wangebaki darasani kama kungekuwa na tangi shuleni na ruhusa ya kubeba mtungi mmoja nyumbani jioni." Sentensi za pili ni ndefu zaidi, lakini zina bajeti ndani yake: tangi, mtungi, ruhusa. Pia zina kipimo: hesabu wasichana walioko darasani saa tano. Ya kwanza haina chochote isipokuwa simanzi.

Tatu, tusikilize kwa adabu. Kumsikiliza mtoto si kumtonesha kidonda. Asiulizwe alivyoona babake akipigwa ili tupate aya ya kusisimua. Aulizwe siku yake inavyokwenda, nini kinamzuia, nini angebadilisha. Mzazi au mlezi aombwe ridhaa, na mtoto mwenyewe aambiwe kwamba anaweza kukataa bila kupoteza msaada. Wasichana na wavulana, wadogo na wakubwa, wakae mbalimbali, maana mdogo hasemi mbele ya mkubwa. Jina lake na picha yake visitoke nje. Na tusimwahidi tusichoweza kukipata.

Nne, kabla ya kutumwa, pendekezo lisomwe kwa sauti barazani, kwa lugha ya wenyeji, pamoja na bajeti yake. Iwapo kuna sentensi ambayo mwandishi anaona haya kuisoma mbele ya watu anaowaandika, sentensi hiyo ifutwe. Sijui mtihani ulio bora kuliko huu. Na gharama za wakalimani na wafasiri ziwekwe katika bajeti tangu mwanzo, kama ziwekwavyo gharama za mafuta ya gari.

Nirudi kwa mwanafunzi wangu. Nilimrudishia ukurasa wake na vitenzi 14 vikiwa vimepigiwa mstari mwekundu, nikamwambia neno moja tu: nenda ukawaulize. Wakati wa likizo alikwenda. Katika pendekezo lake la awali walikuwa wamekadiria chakula cha mchana kwa idadi ya watoto waliosajiliwa shuleni. Watoto walipoulizwa wanavyokula, walicheka kwanza, wakatazamana, kisha mvulana mmoja akasema: "Githeri tunakula nusu. Nusu tunaficha kwa mfuko tupelekee wadogo wetu nyumbani." Ikabainika kwamba takribani kila mtoto pale shuleni alikuwa akimlisha mwingine ambaye hajafikia umri wa kusoma.

Mwanafunzi wangu alilazimika kuipiga hesabu yote upya, kwa sababu kipimo alichokuwa amekiandikia mtoto mmoja kilikuwa kikiliwa na wawili au watatu. Hakuna jedwali lililomwonya. Alionywa na vitenzi: tunakula, tunaficha, tunapeleka. Katika toleo jipya, watoto wale ni walezi wa wadogo zao, nao wanaomba chakula cha kubeba siku ya Ijumaa ili wasilazimike kukificha. Toleo hilo liliandikwa kwa Kiswahili kwanza, likasomwa chini ya mti mbele ya wazazi na chifu, mkalimani akilieleza kwa Kiturkana, likapingwa katika mambo mawili, likarekebishwa, ndipo likatafsiriwa.

Hadi ninapoandika makala haya, jibu la mfadhili halijafika. Huenda wakakubaliwa, huenda wakakataliwa. Fedha ni chache na waombaji ni wengi. Ila safari hii, likikataliwa, litakuwa limekataliwa ombi la watoto wenyewe. Na likikubaliwa, hapatahitajika muhtasari wa kuwasomea wananchi, kwa maana wanalijua tayari.